Nimechaguliwa kamati ya skuli lakini kazi yetu kuarifiwa tu, nifanyeje?

Mtu_wa_Kaskazini
Assalaam alaykum wadau. Mie nipo Pemba, wilaya ya Micheweni, nna watoto watatu skuli ya serikali hapa kijijini. Juzi juzi wazazi wamenichagua niingie kamati ya skuli, nikafurahi nikajua sasa tumepata pa kusemea. Kumbe bwana kikao cha kwanza tumeitwa kuambiwa darasa la tatu na la nne wanahamishwa mkondo, Jumatatu wanaanza kuingia mchana. Hatukuulizwa, tumeambiwa. Na nyie mnajua kwetu mchana ndo wakati wa chuoni, kusoma Kurani, mtoto akirudi skuli jioni yuko hoi na chuo kishafungwa. Sasa wazazi wananijia nyumbani kama mie ndo nliyoamua, mmoja kanambia "umetuuza kwa soda". Na soda kweli tulipewa 😅

Nimemuuliza mwalimu mkuu mbona hatukushirikishwa, kanijibu "si nimekwiteni?" Nikamuuliza mwalimu mmoja pembeni, kumbe hata wao wameikuta ratiba imebandikwa ukutani. Sitaki ugomvi, mwalimu mkuu jirani yangu, tunasali msikiti mmoja. Naanzia wapi?

Kipanga77
Andikeni barua wizarani, nakala kwa mkuu wa wilaya. Wengine mpaka wabanwe.

Bi_Mwani
Barua tena, na mtu kesha sema hataki ugomvi? Mtoa mada mie nakuuliza, hicho kikao kiliitwa siku gani? Maana kwetu vikao vinaangukia siku za bamvu, maji yanapokupwa sana, wanawake wote tupo pwani na mwani wetu, wanakwenda wanaume watano wanapiga makofi halafu inaandikwa "wazazi wamekubali". Msimu wa karafuu ndo usiseme, watu wote wapo mikarafuuni hata watoto. Iteni kikao maji mafu, bamvu likishapita, baada ya alasiri, muone watu watavyojaa. Anaejua mtoto anakula saa ngapi na chuoni anakwenda saa ngapi ni mama yake, na huyo ndo hayupo kikaoni.

Ticha_wa_Mchana
Mie mwalimu, nipo Unguja, nikwambie na upande wetu. Mkuu wa skuli mara nyingi anabanwa na vyumba, darasa la kwanza wameingia wengi, mabanda ni yaleyale, lazima mtu aende mchana, na anaogopa akiwaita wazazi mapema watabishana wiki nzima na skuli inafunguliwa keshokutwa. Kosa ni kuficha hesabu. Kwetu yalitokea hayohayo, sisi walimu tukamuomba abandike nje kila kitu, vyumba vingapi, kila darasa lina watoto wangapi, walimu wangapi. Wazazi wakaja kusoma wakanuna wakaondoka, lakini siku ya kikao mzee mmoja akasema mbona chuo cha msikitini asubuhi kitupu? Sisi ofisini halikutujia kabisa. Darasa moja likahamia pale, hakuna aliebadilishwa mkondo.

Ila kuna mambo tuachieni. Nani asomeshe hesabu, mtoto apate maksi ngapi, hapo kamati isiingie. Nimewahi kuona mjumbe anatumia kamati kumhamisha mwanawe darasa, walimu wakagoma kuhudhuria tena.

Babu_Mtambile
Ya zamani hayo mwanangu. Mzee Karume alipotangaza elimu bure, Septemba 23, 1964, tulifurahi sana, ila watu wakazoea kuona skuli ni ya serikali na mzazi kazi yake kushona sare. Wakati banda letu tumelijenga kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wanawake wanabeba mchanga kwa karai, likafika linta ndo serikali ikaja kuezeka. Siku za kubeba mawe tulikuwa wenye skuli, ikija ratiba tumekuwa wageni. Mkumbushe jirani yako, kwa upole lakini, asije akaona umekwenda kumsuta.

Kipanga77
Haya barua yangu nairejesha mfukoni 😂

Bi_Mwani
Na muhutasari wa kikao usitie saini kabla haujasomwa mbele ya watu. Soda kunyweni.

Mtu_wa_Kaskazini
Mrejesho wadau. Ijumaa nilimngoja nje ya msikiti, tukatembea mpaka kwake. Mwanzo kakunja uso, nlipomwambia nataka hesabu tu sio lawama akalainika. Vyumba saba, kimoja kinavuja kimefanywa stoo. Tukikiezeka hicho darasa la tatu lote linarudi asubuhi, la nne sijui bado. Kakubali kuita kikao upya, na walimu wachague wenzao wawili waje wakae na sisi. Nimewambia wazazi ni Jumamosi hii.

Bi_Mwani
Jumamosi hii bamvu hilo! Sogezeni Jumamosi ya pili yake.

Mtu_wa_Kaskazini
Lahaula. Nakwenda kumgongea tena.