Bauduen, Salagou au Savines: kijiji gani cha ziwani kusini mwa Ufaransa?

Nahodha wa Tanga:
Wakuu, salaam. Tunaishi Ujerumani, mimi, mke na watoto wawili, na Julai tunataka kwenda kusini mwa Ufaransa. Nice na Cannes tunawaachia wenye nazo. Tunachotafuta ni kijiji kando ya ziwa, watoto waogelee, sisi tukae kivulini. Nimebakiwa na mawili: Bauduen kwenye ziwa la Sainte-Croix, au popote karibu na ziwa la Salagou. Gari hatuna, ila kukodi tunaweza. Aliyefika atupe habari.

Mama Zai:
Bauduen, kaka, wala usijiulize. Nyumba za mawe zinashuka mlimani hadi majini, na ile rangi ya feruzi unayoiona pichani ndiyo yenyewe. Zamani kijiji hicho hakikuwa na ziwa kabisa! Bonde lilijazwa maji miaka ya 1970 baada ya kujengwa bwawa la umeme. Jirani zao wa Les Salles-sur-Verdon walibomolewa kijiji kizima kikazama, wakajengewa kingine juu zaidi. Ndiyo maana Les Salles ya leo haina ukale wowote, lakini mwenye watoto asiidharau: ufukwe uko karibu na pa kupiga hema papo.

Boti za injini ya mafuta ni marufuku ziwani, kwa hiyo hakuna makelele. Kodini kayaki au boti ya kukanyaga karibu na daraja la Galetas muingie korongo la Verdon. Wahini kabla ya saa nne asubuhi, baadaye ni foleni tupu.

Mpanda Treni:
Mama Zai kasifia weee, akasahau kusema kwamba treni haifiki. Bila gari Bauduen ni kifungo, kizuri, lakini kifungo.

Salagou ni nafuu: treni hadi Montpellier, basi hadi Clermont-l'Hérault, na hapo ziwa liko kilomita chache tu. Ardhi yake ni nyekundu kama ya Voi, nguo nyeupe acheni nyumbani. Mkifika tembeleeni Celles. Wakazi wake walihamishwa miaka ya 1960 wakiambiwa maji yanakuja, kumbe ziwa likaishia chini ya kijiji na nyumba zikabaki kavu, magofu. Sasa zinakarabatiwa na watu wanarejea. Kwangu mimi kisa hicho tu kinatosha kunipeleka.

Mngazija:
Niko Marseille. Mbona hamjaitaja Savines-le-Lac? Ziwa la Serre-Ponçon, kwenye Alps, ni kubwa kuliko hayo yote mawili, na treni ya usiku kutoka Paris husimama Embrun, ziwani palepale. Ila sikufichi: Savines ya kale nayo imezama, na hii mpya ni saruji. Uzuri uko nje ya kijiji, milima na maji. Maji yenyewe ni ya theluji, watoto wa pwani watapiga kelele.

Jambo jingine, kina cha maji. Haya ni mabwawa, hupanda na kushuka. Ukame wa 2022 uliishusha Sainte-Croix hadi kayaki zikashindwa kuingia korongoni kutokea ziwani. Ulizeni kabla ya kulipia.

Nahodha wa Tanga:
Ahsanteni sana. Mke amesoma yote, kauliza swali moja: mashamba ya maua ya lavenda je?

Mama Zai:
Hapo kesi imekwisha! Uwanda wa Valensole uko upande wa pili wa ziwa la Sainte-Croix. Nendeni mwanzoni mwa Julai, maana kuanzia katikati ya mwezi wanaanza kuvuna na mtakuta visiki. Jioni mpandishe Moustiers-Sainte-Marie, muone ile nyota iliyoning'inizwa kwa mnyororo kati ya majabali mawili.

Mpanda Treni:
Nakubali yaishe. Basi kuna treni ya moja kwa moja Frankfurt hadi Marseille. Kodini gari hapo, ni kama saa mbili za kuendesha. Milima ina kona nyingi, mwenye kutapika akae mbele.

Mngazija:
Na kabla ya kuondoka Marseille nunueni nyama. Sisi Wangazija tumejaa hapa na bucha za halali haziishi, lakini huko vijijini kuipata ni bahati. Chukueni nyumba yenye jiko.

Nahodha wa Tanga:
Bauduen basi, wiki ya kwanza ya Julai. Ufukwe ni mchanga?

Mama Zai:
Mchanga wapi! Changarawe. Wanunulieni watoto viatu vya majini.