Mnapima ugonjwa au mnapima makabila? Tafiti hizi za vinasaba zimenichosha!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Juzi nimeombwa kupitia takwimu za tasnifu nyingine inayodai kupata jeni inayokinga watoto na malaria kali. Nafungua jedwali la kwanza: wagonjwa hawafiki mia, watoto wote, wamechukuliwa wodini huko pwani. Waliolinganishwa nao ni wanafunzi wa chuo, wengi wao wazaliwa wa nyanda za juu! Jamani! Umri tofauti, asili tofauti, mbu wenyewe tofauti. Jeni yoyote iliyozagaa pwani kuliko milimani itaonekana inahusika.

Wala kosa hili si geni. Mwaka 1988 mtafiti Knowler na wenzake walilianika kwa jamii ya Pima, wenyeji asilia wa Arizona, Marekani. Alama moja ya damu iitwayo Gm ilionekana inakinga kisukari, kumbe ilionyesha tu nani ana asili ya Kizungu zaidi. Walipowagawa watu kwa asili yao, ile kinga karibu yote ikayeyuka. Tangu 1988, na bado watu wanarudia!

Jedwali la pili ndilo lililonipandisha presha. Wamepima alama arobaini za vinasaba, mbili zimetoka na p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) chini ya 0.05, basi shangwe. Hizo mbili hata bahati tupu ingewapa! Wanaopima jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mtu, hawakubali kitu mpaka p ishuke chini ya 0.00000005.

Tena hata ukijitahidi, Afrika ni ngumu. Utafiti wa Gambia uliotoka 2009 ulikuwa na watoto zaidi ya elfu mbili. Jeni ya selimundu, ambayo mtafiti Allison aliihusisha na kinga ya malaria tangu 1954, ilitoa ishara hafifu isiyofika kizingiti hicho, kwa sababu alama zilizopimwa hazikuambatana nayo vizuri, yaani hazirithiwi pamoja nayo kila mara. Ikabidi wasome eneo lile la jenomu kwa Wagambia wenyewe ndipo ishara ikapanda. Halafu wewe na watu wako wasiofika mia umegundua jeni mpya?

Nimemuuliza msimamizi, ananijibu bajeti ilikuwa ndogo. Basi unganeni na vituo vingine! Chukueni watoto wa vijiji vilevile, kabila lilelile, umri uleule. Semeni mapema mtapima alama zipi, kisha mrudie matokeo kwa kundi jingine kabla ya kutangaza. Kwenda kulinganisha na wanafunzi waliokuwa karibu na maabara si suala la bajeti, ni uvivu, na wazazi walioruhusu watoto wao mahututi watolewe damu hawakuruhusu uvivu.


Nani alipitisha mpango wa utafiti huu, na aliusoma?