Kinundu laini nyuma ya bega, hakiumi, je ni kansa?

Mtulivu
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana usingizi umekata. Nina kinundu nyuma ya bega la kulia, nilikigundua naoga kama miaka miwili nyuma kikiwa kama punje ya harage, sasa hivi kinakaribia yai la kwale, ni laini, hakiumi kabisa, nikikibonyeza kinateleza kinakimbilia pembeni. Mmoja kaniambia nipunguze mwili kitayeyuka, mwingine kanitajia kansa na tangu hapo nakishika kila saa. Hiki ni nini jamani?

Nesi wa zamu
Pole sana mkuu. Kwa ulivyoeleza inafanana na lipoma, yaani uvimbe wa mafuta, ni seli za mafuta za kawaida tu zimejikusanya kwenye kifuko chembamba chini ya ngozi. Si saratani, na watu wengi wanavyo, hasa kuanzia miaka 40 hadi 60. Huko kuteleza chini ya kidole ni dalili nzuri maana hakijashikana na msuli. Kupunguza mwili usikutegemee, ukikonda chenyewe kinabaki palepale tena kinaonekana zaidi. Ila kidole chako hakitoshi, nenda daktari akakishike, akiwa na mashaka atakupiga ultrasaundi. Na usichelewe kama kimezidi sentimita 5, kimeanza kukua haraka, kimekuwa kigumu, kimezama ndani hakisogei au kinauma, hapo watataka MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, na kuchukua kinyama wakapime, kwa sababu ipo saratani ya mafuta inaitwa liposakoma, ni nadra sana lakini mwanzoni inaweza kufanana na hicho.

Mama mapacha
Mi nilitolewa changu mkononi, kilikuwa kinagusana na mkanda wa begi nikawa nakereka. Nilichomwa ganzi pale pale nikiwa macho, nikasikia kuvutwavutwa tu, kikatoka kizima cha njano kinang'aa, wakahakikisha kifuko chote kimetoka kisirudi halafu wakakipeleka maabara. Baba yangu anavyo zaidi ya kumi mikononi na mapajani, kwetu ni cha ukoo. Ila nakuomba sana ndugu yangu usikikamue, binamu yangu alidhani jipu akakipasua na wembe, mafuta hayatoki kama usaha, aliambulia kidonda kilichooza wiki nzima.

Jirani mwema
Kiangalie vizuri kwa kioo, kikiwa na kitundu cheusi katikati na kinatoa uchafu mweupe unaonuka basi hiyo si lipoma, hicho ni kifuko cha ngozi kilichojaa uchafu huo, changu kilikuwa hivyo.

Mtulivu
Hakina kitundu. Nimetoka kwa daktari leo, kakishika, kakisukuma huku na huku, kakipima kwa rula sentimita 3, anasema lipoma na naweza kukiacha kama hakinisumbui. Nimeomba ultrasaundi hata hivyo, ni Jumatano. Asanteni sana, nimeshindwa kujizuia nimelia kwenye gari.