Mdogo wangu yuko Essex, anaambiwa ajihadhari na watu wa karavani. Ni akina nani?

Nyakato_Sokoni:
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Mdogo wangu anatunza wazee Essex, Uingereza. Juzi karavani, zile nyumba za kuvutwa na gari, zimeegeshwa uwanjani karibu na anapokaa. Majirani wamechachamaa, wanamwambia afunge milango, hao ni wezi. Yeye amewakuta akina mama wanaanika nguo, wakasalimiana vizuri tu. Ni watu gani hawa?

Mzee wa Mwaloni:
Majipsi hao. Hawana kwao, hawana kazi, wakiondoka wanaacha takataka. Akae nao mbali.

Ng'wana Magu:
Mzee wangu, nakuheshimu, ila hapo umenigusa. Sisi Wasukuma tukisema hivyo tunajisahau. Baba yangu mkubwa alihama Magu na ng'ombe zake mpaka Usangu. Wafugaji walipoondolewa Ihefu, huko huko Usangu, mwaka 2006, wengi wakaelekezwa Lindi, naye akaenda. Kule akaitwa mvamizi kabla hajafunga hata zizi. Kuku akipotea kijijini, anaulizwa Msukuma. Watoto wake wakiingia dukani, macho yote kwao.

Sasa hao wa Essex. Kuna Waroma, ndio hao wanaoitwa Majipsi, ambao asili yao ni kaskazini mwa India, walikotoka miaka kama elfu moja iliyopita. Wanazi waliwaua kwa malaki. Halafu kuna Travellers (yaani wasafiri) wa Ireland, hao ni Waireland kabisa, na nchi yao iliwatambua rasmi kuwa kabila mwaka 2017.

Kwa nini waegeshe uwanjani? Sheria ya 1968 ilizitaka halmashauri ziwatengee maeneo. Mwaka 1994 wajibu huo ukafutwa. Mwaka 2022 ikaja nyingine: ukikaa na gari kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa, ukaonekana unaleta uharibifu au kero kubwa, ukaambiwa uondoke ukagoma, polisi wanaweza kulichukua gari. Na gari hilo ndiyo nyumba, ndimo watoto wanamolala! Huko huko Essex, Dale Farm, familia zaidi ya 80 zilitolewa Oktoba 2011 kwenye ardhi waliyoinunua wenyewe, kisa hawakuwa na kibali cha kujenga. Wakitulia wanatolewa, wakisafiri wanaitwa wazururaji. Waende wapi?

Takataka, ndiyo, wengine wanaziacha, na mwenye uwanja ana haki ya kukasirika. Lakini uwanjani hapana choo wala gari la taka.

Mndamba_CapriPoint:
Kwetu Ifakara, Mwanza nipo kikazi. Mpunga wa mama uliliwa na ng'ombe usiku mmoja, hakuna aliyelipa. Msione wenyeji wana roho mbaya tu.

Ng'wana Magu:
Pole sana kwa mama. Mwenye ng'ombe wale alitakiwa alipe, na kwenye baraza ningesimama upande wa mama. Alipe yeye aliyeswaga. Ninachokataa ni baba mkubwa aliye Lindi kudaiwa mpunga wa Ifakara kwa sababu tu ni Msukuma.

Nyakato_Sokoni:
Asanteni, nimemtumia yote. Anasema mmoja wa wale akina mama ni mjamzito, amekataliwa mapokezi kwa daktari eti hana anwani.

Ng'wana Magu:
Arudi kesho. England kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakuhitaji uthibitisho wa anwani wala kitambulisho, ndio utaratibu wao wa afya. Mdogo wako amsindikize, wa mapokezi wengine hawaujui.