Nahodha natukanwa na mashabiki wetu wenyewe: nivue kitambaa au nikaze?

Kitasa_Namba4 (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri. Kama huna la kunisaidia nakuomba upite tu, hali yangu si nzuri.

Nacheza beki wa kati kwenye timu moja ya ligi ya mkoa, sitaitaja. Nimeingia pale nikiwa dogo wa kuokota mipira, na misimu ya karibuni mimi ndiye nahodha. Jumapili tumecheza na watani wetu wa hapa mjini. Tunaongoza bao moja, mpira unakaribia kuisha, nikamrudishia kipa pasi ikawa fupi. Straika wao akaiwahi, akafunga. Sare.

Tangu hapo kwenye grupu la WhatsApp la mashabiki jina langu ni msaliti. Usiku natumiwa sauti za kumtukana mama yangu. Mazoezini juzi watoto walikaa juu ya ukuta wakaimba jina langu pamoja na jina la wale wapinzani, na wachezaji wenzangu wakawa wanacheka chini chini.

Kwa ile sare timu zote mbili zimeingia fainali, kwa hiyo Jumamosi tunakutana tena. Bingwa ndiye anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Nivue kitambaa nimkabidhi msaidizi wangu, au nikaze? Na haya matusi niyajibu au ninyamaze?

Mzee_wa_Kahawa
Kaza mwanangu. Mimi nilikuwa nahodha wa timu ya mtaa Tabora enzi tunacheza kwa kuchangishana hela ya mipira. Tulifungwa mechi ambayo mtaa mzima ulikuwa umeweka heshima yake, na mimi ndiye niliyecheza rafu ya penalti. Kesho yake nilikwenda kijiwe kile kile cha kahawa walikokuwa wananisema. Nikaagiza kahawa na kashata, nikakaa katikati yao. Wakanisema hadi wakachoka, mimi nasikiliza. Kuna mzee mmoja akaniambia, "Wewe unakabia kwa hasira." Hilo ndilo neno la maana nililopata siku ile, na lilinisaidia miaka yote niliyocheza. Ukikimbia kelele, hata lile moja la kweli hulisikii.

Gunner_wa_Uyole
Mkuu, kamsome Granit Xhaka, aliyekuwa nahodha wa Arsenal. Oktoba 2019, Arsenal na Crystal Palace, mbili mbili. Anatolewa, uwanja wake mwenyewe unamzomea, naye akatembea taratibu, akaweka mkono sikioni, akavua jezi na kuingia moja kwa moja vyumbani. Siku chache baadaye kocha Emery akamvua unahodha akampa mwenzake Aubameyang. Kila mtu alijua ndio basi. Kocha mpya Arteta akaja, akamshawishi abaki, jamaa akapiga kazi bila kitambaa mpaka watu wale wale wakaanza kumwimbia. Aliondoka 2023 kwenda Leverkusen ya Ujerumani na msimu wake wa kwanza wakachukua Bundesliga bila kufungwa.

Ninachokuambia ni kwamba kitambaa kinaweza kutoka mkononi na bado ukaheshimika. Ila usikivue wewe kwa hasira mbele ya watu. Na kwenye grupu usijibu chochote, hata "asante".

Mwananchi_Damu
Mapenzi ya klabu siku hizi yako wapi? Zimbwe Jr alikuwa nahodha wa Simba, 2025 akatua kwetu Yanga, Jangwani, na maisha yanaendelea. Mpira ni kazi.

Mnyama_Mkali
@Mwananchi_Damu na Ajibu je? Kitambaa chenu alivaa 2018/19, msimu uliofuata akarudi nyumbani Simba, Msimbazi. Tuheshimiane.

Mwananchi_Damu
Alirudi kukaa benchi hahaha.

Mama_Wawili
Jamani uzi wa watu huu, msiugeuze Kariakoo Derby. Kaka, mimi mume wangu alikuwa kipa. Akifungwa bao la kizembe simu yake naichukua mimi mpaka Jumanne. Anayemtukana mama yako usiku hataki upate nidhamu, anataka usilale. Mpe mtu wako wa karibu ashike hiyo simu hadi Jumamosi ipite. Pole sana.

Refa_Mstaafu
Nimechezesha ligi za mkoa miaka mingi na nina swali moja. Beki akirudisha pasi fupi mashabiki humwita garasa, humwita mzee, humwambia akalime. Neno msaliti haliji bure. Kwa nini wewe wamekuita msaliti?

Kitasa_Namba4
Wana hasira tu mkuu, na ilikuwa mechi ya watani.

Refa_Mstaafu
Watoto hawapandi ukutani kuimba jina lako na la wapinzani kwa sababu ya pasi moja. Kuna kitu wamekiona.

Kitasa_Namba4
Sawa. Kuna picha inazunguka. Niko ndani ya gari la kiongozi mmoja wa ile timu nyingine, ilipigwa wiki ile ya mechi. Lakini mji wetu ni mdogo, kupewa lifti si dhambi.

Gunner_wa_Uyole
Lifti ya kwenda wapi mkuu?

Mama_Wawili
Kaka sema yote, hapa hakuna anayekujua.

Kitasa_Namba4
Nitasema, ila msinihukumu kabla ya kumaliza kusoma.

Wananitaka msimu ujao. Walinifuata wao. Tukakubaliana dau na nikapokea nusu. Ndiyo, ilikuwa kabla ya ile mechi. Lakini hakuna aliyeniambia niachie mechi, na kama angeniambia ningeshuka kwenye lile gari. Ile pasi uwanja ulikuwa na maji, mpira ulikufa kwenye dimbwi mbele ya kumi na nane, yaani boksi la penalti. Kipa wetu alikuwa amenyoosha mkono anauomba, mwulizeni.

Mimi ni bodaboda, pikipiki nilikuwa naendesha ya mkataba. Ile hela ilimaliza deni kwa tajiri na kadi sasa ina jina langu. Timu yangu imenipa nini? Nauli ya mazoezi tunajitegemea. Nilipoteguka goti mwaka jana walichangishana wachezaji, viongozi hawakuonekana. Mbona kiongozi akihamia timu nyingine haitwi msaliti? Nimetumika vya kutosha, na kuondoka si kosa.

Mtumishi_Daudi
Kijana, fedha iliyopokelewa gizani ina maneno yake mchana. Tubu, rudisha, Mungu atakupa pikipiki nyingine.

Kijana_wa_Soweto
Mtumishi, Mungu hatoi pikipiki siku hizi, wanaotoa ni matajiri wa mkataba. Kitasa, huyo kiongozi bado anahitaji winga wa kulia? Nina viatu vyangu mwenyewe.

Refa_Mstaafu
Hapo tumefika kwenye jambo lenyewe. Tuchambue.

Kuondoka si kosa, hilo nakuunga mkono. Gerrard, nahodha wa Liverpool, mwaka 2005, wiki chache tu baada ya kubeba kombe la Ulaya Istanbul, aliomba kuondoka Liverpool, Chelsea wakimtaka. Mashabiki wakachoma jezi yake. Akabadili mawazo, akabaki na kitambaa chake miaka mingine 10. Ila angalia jinsi alivyofanya: aliomba kwa klabu yake, waziwazi. Hata wachezaji wa kulipwa kanuni za FIFA zinawaruhusu kusaini kwingine pale mkataba unapobakiza miezi 6 au pungufu. Wewe hapo hata mkataba huenda huna, kwa hiyo msimu ujao ni haki yako.

Shida ni Jumamosi. Umeshika hela ya timu ambayo utaikaba wewe mwenyewe kwenye fainali. Ukikosea tena, hata kwa bahati mbaya, hakuna maji yatakayokutetea. Na kama yeyote kati yao akikugusia matokeo, unatakiwa kutoa taarifa. Kukaa kimya nako ni kosa kikanuni.

Ushauri wangu: kabla ya Jumamosi mwone kocha na katibu wa timu yako pamoja, waambie yote, na uwaachie wao waamue kama unacheza.

Kitasa_Namba4
Nikiwaambia nitafungiwa na pikipiki itaondoka. Kwa nini nisicheze tu nikawathibitishia uwanjani? Nikipiga mpira mwingi Jumamosi nani ataniita msaliti?

Gunner_wa_Uyole
Uthibitisho hauji hivyo. Beki Maldini alicheza Milan ya Italia misimu 25, mechi zaidi ya 900, na siku ya kuagwa San Siro 2009 bado kuna mashabiki walimpigia miluzi na kumnyanyulia mabango. Yeye hakuwa na cha kuficha. Wewe unacho.

Mpekuzi_01
Samahanini, mimi naona hii ni chai. Nimepitia nyuzi zake za zamani. Mwezi wa tatu huyu huyu aliuliza bei ya mashine ya kukamua alizeti, akasema ni mkulima. Leo beki, kesho rubani. Halafu nusu ya dau kwenye ligi ya mkoa inamaliza deni la pikipiki? Timu gani ya mkoa ina hela hiyo?

Kijana_wa_Soweto
Chai ya tangawizi. Nirudishieni bando langu.

Mnyama_Mkali
Nilishangaa kiongozi wa mkoa ana gari.

Kitasa_Namba4
@Mpekuzi_01 mashine ya alizeti ilikuwa ya shemeji yangu, yeye hana akaunti humu. Deni lilikuwa limebaki dogo, sikusema nimenunua pikipiki nzima. Na timu ya mkoa ikipata mfadhili mwenye kinu cha mpunga, hela ipo. Kama hamniamini basi. Niliyetukaniwa mama ni mimi.

Mama_Wawili
Iwe kweli au chai, kuna mchezaji mahali anasoma hapa akiwa na hali hii hii. Endeleeni kumshauri.

Mzee_wa_Kahawa
Mimi namwamini. Mtu anayetunga hadithi haweki dimbwi mbele ya kumi na nane, anaweka penalti. Mwanangu, matusi ya mama yako nenda nayo polisi. Hilo la msaliti ni swali wanakuuliza, na swali linataka jibu.

Kitasa_Namba4
Nimetoka kwa kocha sasa hivi. Nimemweleza habari ya ile picha, amenielewa. Ameniambia Jumamosi naanza, na kitambaa nakivaa mimi. Asanteni wakuu, nimepata nguvu.

Refa_Mstaafu
Umemweleza habari ya picha. Na ya hela?