Naomba ushauri: Yona alikaa chini ya mtango au mbarika?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tupo watu wanne, tunatafsiri kitabu cha Yona kwa lugha yetu ya nyumbani. Tumekwama sura ya 4, pale Mungu anapootesha mmea wa kumfunika nabii jua.

Biblia ya Union inasema mtango. Kiebrania kina neno kikayoni, ambalo wataalamu wengi wanaona ni mbarika (wengine mnasema mnyonyo). Kwangu inaingia akilini: mbarika una majani mapana kama kiganja, huota upesi, na husimama wenyewe. Mtango si hutambaa tu?

Shida ni wazee. Mmoja kaniuliza, "Mwanangu, nabii wa Mungu umuweke chini ya mti wa jalalani?" Kweli, kwetu mbarika huota penye takataka. Na wameshazoea mtango tangu utotoni.

Ugomvi huu ni wa kale, tusijione wa kwanza. Jerome, yule wa kale aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alipobadilisha boga la Biblia ya Kigiriki kuwa mtambaazi wa ivi, askofu Augustino alimwandikia kwamba waumini wa Oea, ndiyo Tripoli ya leo, walimzushia askofu wao vurugu kanisani.

Sasa tuandike mbarika na kuweka maelezo chini ya ukurasa? Tubaki na mtango? Au "mmea" tu, ingawa naona ni kukimbia swali? Waliowahi kutafsiri, wazee wenu mliwaambiaje?