Ukoo wa Kikwajuni: filamu ya Jumamosi

Haji: Assalaam alaykum jamaa. Jumamosi baada ya Isha, juu darini kwa Bi Mwanaidi. Tunaangalia The Lion King ile ya 1994, ya kuchorwa. Ni dakika 88. Tukianza saa 2 na robo, saa 4 kasorobo tushakunja shuka.

Rukia: Waalaykum salaam. Hakikisha si ile ya 2019. Simba wake wazuri, lakini nyuso hazisemi kitu. Akilia na akicheka ni yule yule.

Ami Seif: Tazama na toleo. DVD ya 2003 ina toleo lenye wimbo wa ziada, Zazu, yule ndege, anapotoa taarifa za asubuhi. Haukuwamo sinemani. Ukiusikia ujue si nakala ya mwanzo.

Haji: Nnayo diski, hiyo haina. Nilitaka kulitia faili kwenye flashi, linakataa kuingia. GB 6 na nafasi ipo.

Ami Seif: Flashi yako imefomatiwa FAT32, mpango wa zamani wa kuhifadhi, haibebi faili moja linalozidi GB 4 hata iwe tupu. Ukiifomati exFAT litaingia, lakini projekta za zamani nyingi haziisomi. Chomeka kompyuta kwa waya wa HDMI, umalize.

Bi Mwanaidi: Shuka ninalo jeupe, la kitanda cha futi 5 kwa 6. Linatosha?

Ami Seif: Linatosha, dada. Lilaze kwa upana. Picha ikiwa mita 1.8, urefu wake kwenda juu ni kama mita 1. Projekta ya kawaida inataka kukaa mbali mara moja na nusu ya upana, yaani mita 2.7 hivi. Lipigwe pasi, maana kila kunyanzi kwa usiku ni mstari katikati ya uso wa Mufasa, babake Simba. Na nyuma yake mtundike kitambaa cheusi, la sivyo nusu ya mwanga inapenya inakwenda kwa jirani.

Rukia: Baibui langu kuukuu lipo 😂

Ami Seif: Ndilo hasa. Na chini ya shuka pitisheni mti au bomba, upepo wa darini usilifanye tanga la jahazi.

Haji: Sauti nitatumia spika ya bluetooth.

Ami Seif: Hapana. Bluetooth inachelewa kidogo, mdomo unafunga na neno linafuata. Kwa muziki haijulikani, kwa filamu inaudhi. Tia waya.

Salma: Ikinyesha tuangalie kwenye televisheni yangu ya chini. Ila katuni zinatoka kama zimepakwa mafuta, zinateleza, sijui kwa nini.

Ami Seif: Hiyo ndiyo sumu ya katuni za zamani, Salma. Filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde, lakini mchoraji mara nyingi anachora 12 tu, kila mchoro unakaa kwa picha mbili. Ule mkato mdogo ndio unaoupa mnyama uzito, unaona mguu unatua. Televisheni mpya inajitungia picha za katikati, kwa hivyo mguu hautui, unaelea. Ingia mipangilio ya picha, tafuta panaposema kulainisha mwendo, zima kabisa. Usipunguze, zima.

Salma: Enhe! Kumbe.

Rukia: Ami, si wanasema ile filamu yote ilipakwa rangi kwa mkono?

Ami Seif: Nusu kweli. Ilichorwa kwa penseli kwenye karatasi, kisha kila karatasi ikaskaniwa na rangi zikatiwa kwa kompyuta. Na mbio za nyumbu bondeni hazikuchorwa mmoja mmoja. Ni nyumbu wa kompyuta, wamepewa programu ya kukimbia pamoja bila kugongana, halafu wakapakwa wafanane na michoro mingine. Kazi ya zaidi ya miaka 2 kwa dakika chache.

Salma: Hapo ndipo nnapoogopa. Wangu ana miaka 4. Nipeleke mbele?

Rukia: Wengi wanakosea hapo. Wanaruka mbio za nyumbu, wanatua pale vumbi limetulia na Simba mdogo anamvuta babake sikio kwa meno aamke. Hapo pako kimya, na kwa mtoto ndipo pabaya zaidi. Ukiruka, ruka vyote viwili mpaka Simba yuko jangwani na rafiki zake Timon na Pumbaa. Au usiruke, umpakate na umwambie kabla kwamba Mufasa atakufa. Kwa mtoto kinachoshtua ni kutojua.

Bi Mwanaidi: Mpakate. Hadithi zetu zina mazimwi na watoto wanalala.

Bi Mwanaidi: Na nyie watu wazima mjue mnasikiliza nini. Ule ukelele wa mwanzo jua likichomoza si Kiswahili wala si makelele. Ni Kizulu, wa Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini, na maana yake ni "huyo simba anakuja, baba". Kiswahili kimo kwenye majina. Simba, Rafiki. Shenzi yule fisi, linajieleza. Pumbaa ni kitenzi, mtu kapumbaa, akili imesimama. Sarabi, jina la mama yake Simba, ndiyo mazigazi, maji unayoyaona njiani juani ukifika hayapo. Banzai, fisi mwengine, jina si letu. Na Rafiki, yule nyani, anapoimba "mimi hapana", hata mgeni wa siku ya pili Nungwi hasemi hivyo.

Haji: Na hakuna matata?

Bi Mwanaidi: Kiswahili sahihi, ila hapa mtu wa kwetu atakwambia hapana tabu au hapana neno. Matata kwetu ni ugomvi. "Yule mtu wa matata" si mtu mwenye shida, ni mtu wa kuepukwa.

Rukia: Mtazame na pale mwanzo kabisa, kabla ya Rafiki. Sisimizi wamebeba vipande vya majani juu ya tawi, kisha macho yanahama, tawi linafifia na punda milia nyuma wanakuwa wazi. Mchoro mzuri kupita kiasi. Lakini sisimizi wakata majani wako Amerika tu, hapa hawapo!

Ami Seif: 😂 Timon naye ni nguchiro wa kusini, Namibia na Botswana huko. Na sura ya Rafiki ni ya nyani wa misitu ya Gabon na Cameroon, ila wao mkia wao ni kijiti, yeye wamempa mrefu. Walipopata ni kwa fisi. Kiongozi wa fisi ni jike, na wao wamemfanya Shenzi ndiye mkubwa.

Rukia: Na wimbo wa Scar, ami yake Simba, na fisi, hapo mtoto anaona majani mabichi na moshi tu. Mtu mzima aangalie gwaride. Fisi wanapita kwa safu wakinyoosha miguu, yeye kakaa juu anawatazama. Imechukuliwa makusudi kwenye filamu ya propaganda ya Wanazi ya 1935.

Salma: Majani mabichi?

Rukia: Mvuke wa kijani, shoga. Simu hii inajiandikia.

Haji: Sawa. Shuka Bi Mwanaidi, baibui Rukia, bomba mimi, waya wa spika nani anao wa mita 5?

Ami Seif: Ninao, lakini upande mmoja unakwaruza. Leta na gundi ya umeme.

Bi Mwanaidi: Bisi nitakaanga sufuria mbili. Chumvi, si sukari, zulia langu jipya.